Nani atafungua ofisi Jumatatu? Kuandaa warithi wa ngazi ya kati chuoni na kuwafanya wabaki

Julai ya mwaka mmoja, chuo nilichokuwa nikifanyia kazi hapa Mwanza kilikwama kwa sababu ya mtu mmoja. Chuo sikitaji. Ofisa mitihani alipata kazi Dodoma. Barua yake ya kuacha kazi ililetwa Ijumaa mchana, na Jumatatu alfajiri mwenyewe alikuwa stendi ya Nyegezi na mabegi yake. Alama za wanafunzi wa mwaka wa pili zilikuwa kwenye kompyuta yake binafsi. Nywila ya mfumo wa matokeo aliijua yeye na fundi wa kompyuta, na fundi alikuwa likizo Ukerewe. Kikao cha kamati ya mitihani kiliahirishwa mara mbili, na wanafunzi waliotaka kujua kama wana sapu (mitihani ya marudio) wakawa wanashinda kwenye ngazi za jengo la utawala.

Tulimlaumu mwezi mzima. Ilibidi nifungue jalada lake ndipo nikaona aibu. Alikuwa amekaimu nafasi ile mwaka na nusu bila barua, bila posho, wala mtu wa kumwambia mwisho wake ni nini. Na hatukuwahi kumpa hata mtu mmoja wa kukaa naye ajifunze.

Sera za vyuo huweka urithishanaji wa madaraka kwenye sura moja na kubakiza watumishi kwenye sura nyingine. Mimi tangu siku ile nazihesabu kuwa kazi moja. Anayeandaliwa kwa ajili ya kiti fulani, na akajua kwamba anaandaliwa, haharakishi kuondoka. Na hata akiondoka, ofisi haifungwi. Hatua zifuatazo ni za mkuu wa utawala, msajili, amidi (mkuu wa kitivo), au ofisa rasilimali watu wa chuo cha kawaida, chenye bajeti ya kawaida. Nazungumzia ngazi ya kati: wakuu wa idara, maofisa mitihani na udahili, wahasibu wa ada, wakutubi, washauri wa wanafunzi, wasimamizi wa mifumo. Makamu Mkuu wa Chuo ana utaratibu wake na watu wake wa kumfikiria.

Lini uanze? Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu taa zao hazivuti kitu. Siku hizo utawakuta ufukweni wanashona nyavu. Mbalamwezi yetu ni Agosti na Septemba, matokeo yakishatoka na mwaka mpya wa masomo haujaanza. Ukijaribu kufanya haya Novemba wakati wanafunzi wanasajiliwa, utaishia kuandika sera nzuri na kuifungia kabatini.

Hatua ya 1: Hesabu viti kabla ya kuhesabu watu

Chukua ikama ya chuo, yaani orodha ya nafasi zote za kazi, kaa na mtu mmoja anayekijua chuo kwa undani (mara nyingi ni katibu muhtasi aliyepita chini ya wakuu wanne), na kwa kila kiti uliza swali moja: huyu akilazwa wiki mbili kuanzia kesho, kitasimama nini?

Majibu yatakushangaza. Vyeo vikubwa vingine havisimamishi chochote. Lakini yule anayeshughulikia mikopo, anayewapanga wanafunzi kusaini ili Bodi ya Mikopo itoe fedha, akikosekana wiki moja una vurugu getini. Yule anayejua kuingiza taarifa za udahili kwenye mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kabla dirisha halijafungwa naye ni hivyo hivyo. Viti vya namna hii mara nyingi havizidi kumi na tano katika chuo cha wastani. Hivyo ndivyo vya kuanzia, na vingine vitasubiri mwakani.

Hatua ya 2: Weka tarehe mbele ya kila jina

Hapa ni hesabu tu. Kwa kila aliyekalia kiti kati ya hivyo, andika tarehe ya kuzaliwa, mwisho wa mkataba, na kama ana mpango wa kwenda masomoni. Katika utumishi wa umma mtu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60, huku maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma wakiruhusiwa kufika 65. Vyuo binafsi na vya mashirika ya dini vina mikataba, mingi ya miaka miwili au mitatu, na hapo ndipo watu hupotea kimya kimya: mkataba unaisha Desemba, barua ya kuuhuisha inakuja Februari, na katikati mtu ameshafanya usaili mahali pengine.

Kwa hiyo weka sheria ndogo: miezi sita kabla ya mkataba kuisha, mhusika awe ameshaambiwa ndiyo au hapana. Haina gharama yoyote. Kati ya yote niliyowahi kuyafanya, sijaona lililobakiza watu wengi kuliko hili.

Hatua ya 3: Waulize wangali wapo

Vyuo vingi humhoji mtu siku anayoondoka. Siku hiyo atakuambia "ni maendeleo tu, mkuu", mtapeana mikono, basi. Muulize akiwa bado anakula ubwabwa na ninyi kantini.

Mwanza ina jambo lake ambalo watu wa Dar es Salaam hawalioni upesi. Hapa mtumishi anaweza kubadili mwajiri bila kubadili nyumba. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, iko Malimbe, ilikoanzia kama chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi mwaka 1960 kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Bugando kuna chuo kikuu cha sayansi za afya. IFM (usimamizi wa fedha), CBE (elimu ya biashara) na TIA (uhasibu) zina kampasi hapa, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake. Mtu aliyejenga Buhongwa anaweza kuzunguka vyuo vitatu kwa daladala, watoto wakabaki shule ile ile. Kisha Sekretarieti ya Ajira ikitoa tangazo la nafasi za utumishi wa umma, nusu ya maofisa wako wa chuo binafsi wanatuma maombi usiku huo huo. Usijidanganye kwamba umbali utakushikia mtu.

Mazungumzo yenyewe yafanywe kwa adabu za hapa. Nilipokuwa kijana, nikisimamia watu walionizidi umri kwa miaka ishirini, nilijifunza kwa kukosea: nilimwita mama mmoja ofisini kwangu kwa barua, akaja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Alidhani ni mashtaka. Mara ya pili nilimfuata mwenyewe maktaba.

"Shikamoo, Mama Doto."

"Marahaba, baba. Karibu. Leo umetukumbuka?"

"Nimekuja kukuuliza jambo la kazi, ila si la kukagua. Unajiona wapi miaka mitatu ijayo?"

Akacheka. "Baba, mimi mbona najiona hapa hapa! Ila mniambie, huyu kijana mliyenileta ndiye mnayetaka aje anitoe?"

Swali lake lilinifunza kuliko semina yoyote. Mtu unayemletea mwanafunzi wa kazi bila kumweleza hatamfundisha, maana kwake yule ni notisi ya kufukuzwa inayotembea. Mweleze kwanza. Mwambie kiti ni chake mpaka lini, na kwamba kumwandaa mrithi kutaandikwa kwenye tathmini yake kama kazi aliyoifanya.

Nilichosikia katika mazungumzo hayo kwa miaka mingi si mshahara peke yake. Mshahara upo, lakini ukichimba unakuta mengine chini yake: kukaimu kusikoisha, cheo kuletwa kwa mtu kutoka nje wakati wa ndani aliifanya kazi hiyo miaka mitano, kukemewa mbele ya wanafunzi, mwenzi wa ndoa kuhamishiwa Kahama. Mhasibu wetu mmoja alikuwa na mume mwalimu Sengerema, na kila wikendi alikuwa mtu wa foleni ya kivuko. Tulimruhusu kutoka Ijumaa saa saba mchana na kufidia saa zake katikati ya wiki. Akabaki. Sasa kuna Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, karibu kilomita tatu za maji unazipita kwa dakika chache, na huyo mama hahitaji tena ruhusa ya mtu. Ila wakati ule ruhusa ya saa mbili ndiyo iliyotubakizia mhasibu.

Andika unayoyasikia. Ahidi tu yale ambayo unaweza kuyatia saini wewe mwenyewe.

Hatua ya 4: Vigezo kwanza, majina baadaye, na wawe wawili

Kwa kila kiti andika kinahitaji nini, mistari mitano inatosha, kabla hujataja jina la yeyote. Ukianza na jina, vigezo vitashonwa vimtoshe mtu huyo, na chuo kizima kitajua fundi ni nani. Maneno ya "ni mtu wa kwao" au "ni wa dhehebu letu" huzaliwa hapa, na yakishazaliwa hayafi.

Kisha andaa watu wawili kwa kila kiti. Mmoja ni kamari: akipata ufadhili wa shahada ya uzamivu, umerudi sifuri. Wawili hao waambiwe waziwazi kwamba wanaandaliwa na hawajateuliwa. Nafasi ikitangazwa, watashindana na wengine, na katika vyuo vya umma hakuna njia nyingine ya halali. Ila watashindana wakiwa wameshika usukani angalau mara moja. Neno "mrithi" lenyewe ulitumie kwa tahadhari mbele ya watu. Kwa Kiswahili chetu urithi unakuja mtu akifa.

Hatua ya 5: Mwache akaimu kweli

Hapa nikae kidogo, maana ndiko tunakokosea zaidi.

Kukaimu kwetu kumekuwa kwa aina mbili mbaya. Ya kwanza ni ya jina: mkuu amesafiri, kaimu amekalia kiti, lakini kila karatasi inapigwa picha na kutumwa WhatsApp kwa mkuu aseme "sawa". Kaimu wa hivyo ni tarishi. Ya pili ni ile iliyomkuta ofisa mitihani wetu: kukaimu miaka. Taratibu za utumishi wa umma zinataka kukaimu kusizidi miezi sita, nafasi iwe imejazwa kwa utaratibu. Vyuo binafsi navyo vingeazima kikomo hicho hicho. Baada ya miezi sita mtu hajifunzi tena, anatumika tu, naye anajua.

Kukaimu kwa kumwandaa mtu kuna mambo manne. Barua yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mipaka ya sahihi: anaweza kuidhinisha nini, kiasi gani cha fedha, na kipi lazima kipande juu. Posho ya kukaimu, hata kama ni ndogo, na iingie mwezi ule ule. Na la nne, gumu kuliko yote, ni mkuu mwenyewe akae kando. Kila mkuu wa kitengo ana likizo ya mwaka ya siku 28 kisheria, na wengi huichukua vipande vipande huku simu ikiita. Mlazimishe achukue wiki mbili mfululizo, tena wiki zenye kazi. Kukaimu ofisi ya udahili mwezi wa Aprili hakumfundishi mtu chochote.

Kosa dogo likitokea usirudi mbio kulifuta. Kijana mmoja alikaimu ofisi ya mabweni, akawapangia wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza vyumba sita zaidi ya vilivyopo. Bosi wake alitaka kukatiza likizo. Nilimzuia. Kijana alihangaika siku tatu, akatembea nyumba kwa nyumba mtaani akitafuta vyumba vya kupanga, akazungumza na wazazi mwenyewe. Kabla ya mwaka uliofuata alihesabu vitanda kwa mkono, chumba kwa chumba.

Hatua ya 6: Daftari la ofisi

Kila kiti kati ya vile kumi na tano kiwe na daftari lake. Liwe la karatasi au faili kwenye kompyuta ya chuo, si hoja, ila liwe mali ya ofisi. Ndani yake kuwe na kalenda ya mwaka (lini ripoti gani inakwenda wapi), hatua za kila kazi kubwa kama unavyomwelekeza mgeni, orodha ya watu wa nje unaofanya nao kazi, na mahali nakala za nyaraka zilipo.

Sehemu yenye thamani kuliko zote ni ile isiyoandikwa kokote: mtahini wa nje yupi anachelewesha ripoti usipomkumbusha mara mbili, muuzaji yupi wa karatasi huleta pungufu, mzazi gani ana makubaliano ya kulipa ada kwa awamu na nani aliyakubali. Usimwachie mwenye kiti ayaandike peke yake, hatayaandika. Mpe anayeandaliwa kazi ya kumhoji, saa moja kila Ijumaa, na yeye ndiye aandike. Wa kwanza anasimulia, wa pili anajifunza, na ukurasa unapatikana.

Kuhusu nywila: barua pepe ya ofisi iwe ya cheo, si ya mtu, na kila mfumo uwe na wasimamizi wawili walioandikwa. Alama na taarifa za wanafunzi zisikae kwenye flashi wala kompyuta ya mtu binafsi. Licha ya usumbufu tulioupata sisi, siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chuo ndicho kitakachoulizwa.

Hatua ya 7: Wakuu wa idara ni habari nyingine

Ofisa anataka kupanda. Mhadhiri mara nyingi hataki ukuu wa idara kabisa, na ana haki. Kupanda kwake kunategemea machapisho na utafiti, wakati ukuu wa idara ni vikao, ratiba, na kusuluhisha nani afundishe somo la asubuhi. Nimeona wahadhiri wazuri wakitoka kwenye ukuu wakiwa hawana makala hata moja ya miaka mitatu, wenzao waliokwepa cheo wameshakuwa waandamizi. Unawezaje kumpata mrithi wa kiti ambacho kila mwenye akili anakikwepa?

Punguza vipindi vyake, kwa maandishi, tangu siku ya uteuzi. Mpe msaidizi wa utawala anayeweza kuandika muhtasari wa kikao bila kusahihishwa. Weka kipindi kinachojulikana, tuseme miaka mitatu, na akimaliza apewe muhula mmoja bila kufundisha ili arudi kwenye utafiti wake. Muhula huo ndio hongo halali niliyoiona ikifanya kazi. Mkuu wa fedha atakuambia hauwezekani. Mwonyeshe inagharimu kiasi gani kumlipa mhadhiri wa muda masomo mawili, kisha mwonyeshe inagharimu kiasi gani kutangaza nafasi, kusaili na kumsubiri mtu mpya azoee.

Mrithi naye aanze mapema na mambo madogo: mratibu wa mafunzo kwa vitendo, mratibu wa shahada za uzamili, katibu wa kikao cha idara. Mwanafunzi wa mtumbwini huanza kwa kukumba maji, na hapo ndipo anapozijua sauti za mbao zote.

Wanaopelekwa masomoni kwa fedha za chuo wasainishwe mkataba wa kurudi, sawa, ila usiutegemee. Anayerudi kwa kuogopa deni hukaa akihesabu siku. Muhimu zaidi ni kuwa na mtu wa kumwandikia huko aliko, kumwalika kwenye vikao vya idara kwa njia ya mtandao, na kumwambia atarudi kwenye kiti kipi.

Hatua ya 8: Siku barua ya kuacha kazi inapokuja

Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira inataka notisi isiyopungua siku 28. Katika siku hizo, nne za mwisho za kila wiki ya kazi ziwe za makabidhiano, kiti kwa kiti, si "ukipata nafasi". Tumia daftari kama orodha: kila kipengele anayepokea asaini kwamba ameonyeshwa na amekifanya mwenyewe mara moja akiangaliwa. Vifaa, funguo na mihuri vikabidhiwe, na nywila zibadilishwe, siku ya mwisho, si kabla. Ukimnyang'anya mtu funguo siku aliyoleta barua, umemwambia yeye na wote waliobaki kwamba anayeondoka ni mwizi.

Muage vizuri. Soda na sambusa havijawahi kufilisi chuo. Yule ofisa mitihani wetu, tulipompigia simu Dodoma kwa mara ya kwanza bila kumgombeza, alikaa na sisi hewani saa mbili akitueleza faili ziko wapi.

Hatua ya 9: Jaribu, kila Agosti

Mara moja kwa mwaka chagua viti vitatu kwa kura, usitangaze kabla. Wenye viti hao wape siku tano za mapumziko, simu za ofisi zibaki ofisini. Anayeandaliwa apewe kazi halisi ya wiki hiyo na daftari. Wiki ikiisha kaeni watatu, muandike kila mahali alipokwama, na ukurasa uliokosekana uandikwe hapo hapo kabla chai haijapoa.

Mara ya kwanza tulipofanya hivi kura ilimwangukia Mama Doto. Aliporudi Jumatatu alikuta rejista ya vitabu imefungwa sawasawa, deni la faini limekusanywa, na yule kijana amehamisha meza karibu na dirisha. Alisimama mlangoni kidogo, akamwambia airudishe mpaka Desemba.